Mwenye Pikapu

Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Muuzaji alikuwa amenifungulia mlango wa dereva ili nijaribu kiti, na mle ndani ikatoka pumzi ya moto: dizeli ya zamani, sponji iliyochakaa kwa jasho la watu, vumbi la magunia, na chini yake kabisa, kama mtu aliyejificha uvunguni, ukali mdogo wa mkojo wa mtoto. Huenda haukuwepo. Ile ilikuwa pikapu nyingine, ya rangi nyingine, na mtoto ninayemfikiria sasa ana ndevu. Lakini nilishika fremu ya mlango nikabaki hapo, jua la Kisumu likinichoma shingo, na muuzaji akadhani natafuta kutu.

"Hapo hakuna kutu, Mama," akasema. "Hii gari ilikuwa ya mwalimu. Alikuwa anaenda nayo kanisani tu."

Nilitabasamu. Nilipokuwa mtoto, katika yadi isiyo mbali na ile, nilimsikia mtu mwingine akisema maneno hayo hayo, ila safari ile mwenye gari alikuwa mtawa wa misheni. Magari makuukuu yote ya Kisumu yametoka kwa watu wa Mungu. Hakuna hata moja lililotoka kwa mlevi.

Ketini niwaeleze. Kisa chenyewe ni cha pikapu moja na mtoto wa miaka sita aliyeambiwa ni yake.

Kwetu ni tambarare za Kano, ukishaipita Ahero. Ni mahali ambapo mvua huwanyeshea wenzetu wa milimani na mafuriko huja kwetu. Baba yangu, Onyango, alikuwa kifungua mimba wa nyanya yetu, tuliyemwita Dani kama watoto wote wa huko wanavyowaita nyanya zao. Baba alikufa kwanza, Mama akamfuata. Nilikuwa darasa la saba Mama alipolala kitandani bila kuinuka tena, na kwa kuwa ilibidi pawe na mtu wa kumgeuza, nilikaa nyumbani. Tulipomaliza kumzika, dawati langu lilikuwa limepata mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimepata watoto wawili, wadogo zangu: Akinyi, aliyekuwa darasa la tatu, na Odhiambo, tuliyemwita Odhis, aliyekuwa hana meno ya mbele.

Mama hakuwa mtu wa hotuba. Aliniambia jambo moja tu, nikiwa nampanguza mgongo. "Awino, kuku akifa, kila kifaranga huchukuliwa na mwewe wake. Usikubali." Nikasema sitakubali. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilidhani kukubali au kukataa ni jambo la mdomo.

Baba Mdogo, mdogo wake baba, ndiye aliyebaki mwanamume wa boma lile. Alikuwa mtu wa kucheka sana, mwenye sauti ya kufika hadi barabarani, na watu walimpenda. Nataka mlijue hilo mapema, kwa sababu watu hudhani ukatili huja na uso uliokunjamana. Wa kwetu ulikuja ukicheka.

Siku moja akatangaza kwamba amechoka kuwa mkulima wa mpunga anayeomba lifti kwa magunia yake mwenyewe. Angenunua pikapu ya mtumba, abebe mchele wa Ahero, samaki wa Dunga na viazi vya Sondu. Jioni hiyo hiyo mafahali wawili wa baba, wale waliokuwa wakilima, wakafunguliwa kutoka kigingini wakaenda na mtu tusiyemjua. Odhis aliwafuata hadi barabarani akiwaita kwa majina. Mama Mdogo, mke wa Baba Mdogo, akamrudisha kwa sikio. "Yatima hadeki," akamwambia. Hiyo ilikuwa methali yake ya asubuhi, mchana na jioni.

Dani hakusema kitu siku ile. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mgongo umepinda kwa kupanda mpunga, na hakuwa na kauli juu ya mafahali. Alikuwa na msemo wake mmoja, ambao aliutoa kila alipoombwa ushauri na watu wasiotaka kuufuata: "Asiye na ng'ombe huchunga maneno." Mimi niliusikia kama msemo wa mtu mzee tu. Niliupita.

Asubuhi iliyofuata alimwita Baba Mdogo mbele ya wake wa jirani waliokuja kuazima ungo. Akamwambia kwamba hawezi kuingiza gari katika boma lile.

"Kwa nini, Mama?"

"Nyumba ya Onyango haijaingiza. Wewe ni wa pili. Wa pili hatangulii."

Ninyi ambao si wa kwetu mnahitaji kujua kwamba hili si jambo dogo. Kwetu mkubwa ndiye huanza: ndiye hutia mbegu kwanza, ndiye hujenga kwanza, ndiye huoa kwanza. Mdogo akimruka mkubwa, hata kama mkubwa yuko kaburini, huja chira, ule ugonjwa wa kukonda na kukonda usiosikia dawa ya hospitali. Baba Mdogo alikuwa mtu wa kanisa, alikuwa mtu wa redio na habari za dunia, lakini nilimwona akijipapasa mbavu.

"Sasa Onyango amekufa," akasema. "Ataingiza gari namna gani?"

"Ana mtoto wa kiume," akasema Dani. "Mtoto ashike ufunguo kwanza. Akae mbele kwanza. Aingie nayo langoni. Iwe yake, ndipo wewe uiendeshe."

Wale wanawake wa ungo wakaitikia kwa vichwa. Mwiko ukisemwa na mtu mzee mbele ya mashahidi, hautafutiwi risiti.

Ndivyo tulivyokwenda Kisumu, Baba Mdogo, fundi wake aliyeitwa Obura, Odhis, na mimi niliyepelekwa kumshika Odhis asipotee. Yadi ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja aliyetoka mkoa wa kati, mtu mnene mwenye kofia ya sufu katika joto lile. Pikapu yenyewe ilikuwa nyeupe iliyochoka, mlango mmoja wa bluu. Obura alilala chini yake kwa muda mrefu. Alichomoa kijiti cha oili akakinusa, akaweka kiganja kwenye moshi, akagonga chini ya zulia kwa bisibisi mpaka pakatoboka.

"Hii ilikuwa ya sista wa misheni," akasema mwenye yadi.

"Sista alikuwa anabeba kokoto?" akauliza Obura, akionyesha springi za nyuma zilizolala.

"Alikuwa anajenga kanisa."

Mfuniko wa tangi la dizeli haukuwepo. Mwenye yadi akaziba tundu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya karatasi ya nailoni, akakipigapiga kama mtu anayemsifu mtoto. Walibishana mpaka adhana ya adhuhuri ikaisha. Walipokubaliana, Baba Mdogo akamnyanyua Odhis juu ya boneti na kusema, "Ufunguo mpe huyu. Ndiye mwenye gari."

Yule mtu alimtazama Odhis, kaptula yake iliyofungwa kwa kamba, miguu yake mitupu. Halafu akavua kofia yake ya sufu, akainama. "Karibu, Mzee. Umenunua vizuri."

Kila mtu katika yadi alicheka. Odhis hakucheka. Aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kupokea kitu cha mkubwa. Karatasi, bila shaka, ziliandikwa jina la Baba Mdogo. Lakini karatasi hazikuwekwa mikononi mwa Odhis, ufunguo uliwekwa.

Obura aliendesha, Baba Mdogo akakaa dirishani, mimi katikati, na Odhis juu ya mapaja yangu, mgongo wima. Hakugeuza shingo. Tulipokaribia Ahero nikahisi joto linanienea mapajani. Alikuwa amebanwa tangu mjini na hakusema. Nilipomuuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakuomba tusimame, akaninong'oneza, "Mwenye gari haombi." Mkojo ukazama kwenye sponji. Baba Mdogo alipogundua aligonga dashibodi kwa kucheka. "Ameibariki! Mzee ameweka muhuri!" Siku ile, ndugu zangu, hata mimi nilicheka.

Dani alikuwa langoni na kibuyu cha maji. Alinyunyizia magurudumu yote manne, akamgusa Odhis paji la uso, kisha akasema kwa sauti ambayo sikujua kifua kile kilikuwa nayo, sauti ya watu wa mbali: "Nyumba ya Onyango imeingia. Mmeona? Nyumba ya Onyango imeingia." Akawatazama majirani mmoja mmoja, usoni, mpaka kila mmoja akaitika.

Baada ya hapo Odhis akawa mtu. Wavulana wa boda pale njia panda walimsimamishia injini. "Mzee, gari iko aje?" Akajibu, "Iko." "Utanibeba lini?" "Kesho." Alipata tambara, akawa anafuta magurudumu kila jioni, na hakuonja chakula mpaka aulize kama pikapu imekunywa dizeli. Akinyi aliahidiwa kupelekwa shuleni kila siku. Mimi niliahidiwa zaidi. Tukiwa tumelala watatu kwenye mkeka mmoja aliniambia, "Utarudi darasa la saba. Gari yangu itakupeleka hadi mlangoni, mwalimu ashangae." Nilimwambia alale. Lakini, nikiwaambia ukweli, nililala nikiliona dawati. Nilijua karatasi zina jina la nani, na bado nililiona.

Shida ilianza na mvua. Maji yalikuja kama kawaida yake, kimya kimya, yakakaa uani hadi kwenye ekseli, na pikapu ikasimama humo kama ng'ombe. Yalipoondoka, ikakataa kuwaka. Kano hakuna mteremko. Gari likikataa husukumwa na vifua vya watu. Walisukuma hadi lango, wakarudisha, wakasukuma tena. Ndipo Mama Mdogo, akiwa mlangoni na mwiko wa ugali mkononi, akasema kwa mzaha, "Si mumwite mwenyewe?"

Odhis aliletwa na usingizi machoni, akakalishwa mbele. Wakasukuma. Ikawaka.

Laiti isingewaka. Kuanzia asubuhi ile akawa sehemu ya injini. Kukiwa na baridi, kabla ya jogoo, Baba Mdogo aligonga ukuta wetu. "Mlete mwenye gari." Nilimfunga blanketi nikampeleka, akaketi kwenye kiti kile chenye unyevu, akashika usukani asioufikia vizuri. Mara nyingi iliwaka, maana watu wanne wakisukuma chochote kitawaka. Baba Mdogo akaamini. Alikuwa ameogopa chira kiasi cha kumkabidhi mtoto ufunguo wa pikapu. Basi kwa nini isimsikie mtoto? Ukishafungua mlango kwa jambo moja la namna hiyo, mengine hayabishi hodi.

Halafu ikafika siku ambayo haikuwaka hata yeye akiwa ndani. Samaki wa watu walikuwa wamelala Dunga kwenye barafu inayoyeyuka. Baba Mdogo alifungua mlango wa bluu akamtazama.

"Umekasirikia nini?"

"Sijakasirika, Baba Mdogo."

"Basi kwa nini inakataa?"

"Sijui."

Kofi lilimlaza kwenye gia. Hakulia, alijiinua akakaa tena wima, kwa sababu alikuwa bado mwenye gari. Tangu hapo kukawa na sheria. Ikikataa kuwaka, Odhis hakula. "Gari haijala, na mwenyewe hajala," alisema Mama Mdogo, na alipenda jinsi maneno yalivyokaa mdomoni mwake, akayarudia kwa wageni. Nilijaribu kuingilia, nikapata langu. Nilimpelekea ugali baridi ndani ya sketi, nikamkuta amelaza shavu kwenye usukani, anazungumza nao. Alikuwa anauomba msamaha. Aliorodhesha makosa yake yote: kwamba alivunja yai, kwamba alimtemea Akinyi maji, kwamba alikojolea kiti siku ya kwanza.

Na kile kitambaa cha tangi kilikuwa pale pale, ndani ya nailoni iliyochanika, kikivuja kila mvua iliponyesha. Kila mtu alikipita. Hakuna aliyekizaba kofi.

Ni Obura aliyekisema mwishoni, alipoifungua pampu ya dizeli na kumwaga kilichokuwemo kwenye kopo. Chini kulikuwa na maji, juu mafuta. "Pampu imekufa," akasema. "Imekunywa maji tangu mafuriko. Tafuta ingine." Nilidhani sasa Odhis ameachiliwa. Sikujua kwamba mtu akionyeshwa ukweli huweza kuukasirikia.

Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa Sondu aliyekuwa akibebewa viazi na Baba Mdogo. Alikuwa na mtoto mchanga na alitaka msichana wa kumbeba. Alikuwa tayari kununua pampu. Nilisikia hayo nikiwa naosha sufuria nyuma ya jiko, na sauti ya Baba Mdogo ilikuwa ya furaha, ya mtu aliyepata njia. Msichana angekuwa Akinyi.

Dani aliinuka. Sikuwahi kumwona akiinuka haraka vile. "Mtoto wa Onyango hatoki hapa," akasema.

Baba Mdogo hakupandisha sauti. Alicheka kidogo, akamwekea mkono begani kama mwana mwema. "Mama, si wewe ulisema hii gari ni ya nyumba ya Onyango? Ulisema mbele ya watu. Basi imeharibika. Nyumba ya Onyango itengeneze gari yao."

Dani alifungua kinywa. Kisha akakifunika kwa kiganja, akakaa chini polepole, mkono ukiwa bado mdomoni, na hakuuondoa jioni yote. Nilimkasirikia. Niwaambie wazi, nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Baba Mdogo. Kwake nilitegemea neno, na siku ya neno akaziba mdomo.

Obura alifunga pampu mpya. Asubuhi ya safari Akinyi alivaa sweta ya shule kwa sababu hakuwa na nyingine, akabeba nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Hakuwa analia; alikuwa ananiangalia, akingoja nifanye jambo. Majirani walikuwa wamekuja, maana gari kuwaka tena ni habari. Na Odhis akatoka nyumbani, akaenda akasimama mbele ya pikapu, mgongo kwenye bampa, mikono ameitandaza.

"Gari yangu haiendi Sondu," akasema.

Kicheko cha kwanza kilikuwa kidogo, cha kushangaa. Kisha kikaenea.

"Mzee amekataa!" akasema mmoja wa wale vijana wa boda.

"Mzee, tuhurumie," akasema mwingine. "Viazi vitaoza."

Baba Mdogo alipiga saluti kama askari. "Bwana mkubwa, naomba ruhusa."

"Nimekataa," akasema Odhis. Alikuwa amesikia neno ruhusa. Niliona uso wake ukifunguka. Alidhani, jamani, alidhani ndivyo mambo yanavyofanyika, kwamba mtu huomba na mwenye mali hukataa, na imekwisha. Watu walikuwa wameshikana mabega kwa kucheka. Mama Mdogo alikuwa ameketi chini.

Odhis akamtafuta Dani kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni pake. "Dani, si ulisema ni yangu?"

Wote wakageuka kumtazama. "Nilisema, nyakwara," akajibu. Mjukuu wangu, ndivyo alivyomwita. "Nilisema." Na hakuongeza.

Hapo Baba Mdogo akapata wazo, na naapa lilikuwa wazo la mtu anayetaka tu watu waendelee kucheka. Alimshika Odhis mkono, kwa upole, akauweka ule mkono juu ya boneti. "Sawa. Hii gari inakusikia, sote tunajua. Basi iambie isiwake. Ikikusikia, Akinyi anabaki. Mbele ya hawa watu wote, nimeapa."

Hata wale vijana walinyamaza, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa ameiona pikapu ile ikikataa asubuhi baada ya asubuhi, na nadhani kwa kitambo kidogo hata wao hawakuwa na hakika. Odhis aliegemea boneti, akaweka mdomo karibu na bati kama mtu anayemnong'oneza ng'ombe.

"Usiwake," akasema. "Tafadhali. Leo usiwake."

Baba Mdogo aliingia, akazungusha ufunguo.

Haikuwahi kuwaka vile. Haikukohoa, haikutetemeka. Iliitika mara moja, kwa sauti nzito yenye afya, boneti ikitikisika chini ya mkono wa mtoto. Nilisikia watu wakilipuka kwa kicheko nyuma yangu, wengine wakipiga makofi, wengine wakifuta machozi. Odhis aliutazama mkono wake. Akauondoa. Akapisha njia bila kuambiwa.

Mimi nilipanda nyuma na Akinyi.

"Wewe unaenda wapi?" akauliza Mama Mdogo.

"Kuuona mlango," nikasema.

Wakaniacha, maana mtu wa kupakia viazi alihitajika. Niliuona mlango. Ulikuwa wa kijani, mkabala na soko la Sondu, na mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya sana, au labda kipimo chetu cha ubaya kilikuwa kimeshapanda. Nikarudi na sura ya mlango ule kichwani. Nikaanza kuchukua omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Dunga kwa mkopo wa mama mmoja mchuuzi na kuwauza Sondu kila siku ya soko, karai langu likiwa mahali pale pale, Akinyi akitoka kumwaga maji anione. Hatukuwa tukizungumza. Alimwaga maji, akaniangalia, nikamwangalia, akaingia. Nilipoona alama ya uji wa moto mkononi mwake nilipima omena wa mteja mbele yangu mpaka kopo la gorogoro likajaa na kumwagika, na bado nikaendelea kumimina.

Ilichukua muda mrefu mpaka nikawa na chumba cha kukodi Ahero. Siku hiyo mvua ilikuwa imewafukuza wateja. Nilifunika karai, nikavuka barabara, nikamwambia Akinyi avae viatu.

"Nani amekutuma?" akauliza yule mama.

"Mama yangu," nikasema, na haukuwa uongo.

Baba Mdogo hakutufuata. Pikapu yake ilikuwa tayari juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Odhis alikuwa amekataa kuikaribia tangu siku ile. Waliugonga ukuta asubuhi za baridi, akasema kutoka ndani, "Mimi sina gari." Walimchapa, akasema hivyo hivyo. Nilipomchukua kwenda Ahero hakugeuka nyuma hata kuitazama.

Dani alikufa tukiwa tumeshakaa sawa. Siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kila mara, "Akinyi amerudi?" hata Akinyi akiwa ndiye anayemshikia kikombe. Akinyi alimjibu kila mara kwamba amerudi. Aliitikia kwa kichwa, kisha akauliza tena.

Baada ya mazishi nilikaa na mke mwenza wa Dani, bikizee mwenye ulimi mkali, tukimenya vitunguu. Jirani yetu, mwana wa tatu, alikuwa ameingiza gari lake wiki ile, kaka zake wawili wakiwa hawana hata baiskeli, na hakuna aliyesema neno. Nikamuuliza inakuwaje huyu hakutafuta mtoto wa mkubwa wa kushika ufunguo.

Akanitazama kama niliyeuliza ng'ombe hutaga wapi. "Ufunguo? Mbegu, ndiyo. Nyumba, ndiyo. Bibi, ndiyo. Gari ililetwa na Wazungu, mtoto wangu. Nani aliiwekea mwiko?" Akamenya kidogo. "Huyo Dani wenu, mafahali wa Onyango walipouzwa, alilala na shida akaamka na mwiko."

Kisu kilibaki mkononi mwangu. Asiye na ng'ombe huchunga maneno. Alikuwa amebaki na neno moja tu la kutukinga, akalibuni usiku mmoja, akalileta mbele ya wanawake wa ungo ili lipate mashahidi. Na mwanawe akalishika pembe akalirudisha kwetu. Angeweza kusema, palepale, kwamba ni uongo, kwamba gari halikuwahi kuwa la nyumba ya Onyango. Pengine Akinyi angebaki. Lakini pia Odhis angekuwa hana kitu, na mafahali wa baba wangekuwa wamekwenda bure, na wala hakujua kama kuna mtu ambaye angemwamini. Ndiyo maana aliziba mdomo. Miaka yote ile mimi nilidhani alikuwa hana la kusema.

Baba Mdogo bado yupo. Kwenye matanga, watu wakichoka kulia, humwomba asimulie kisa cha mtoto aliyeliambia gari lisiwake. Husimulia vizuri. Huigiza saluti, hunong'oneza kwenye meza kama ni boneti. Watu hucheka hadi kushika mbavu. Odhis naye hucheka, akitazama viatu vyake.

Ile pikapu ya mwalimu nimeinunua. Nabeba samaki kutoka Dunga hadi Ahero, na Sondu siku za soko. Odhis, ambaye sasa ni fundi wa mawe, alikuja nami kuichukua. Nilimfungulia mlango wa mbele. Akasema, "Niko sawa nyuma, dada," akaruka akakaa kwenye bati, magoti juu, mgongo kwenye kioo. Tangu siku ile ya Sondu hajakaa kiti cha mbele cha gari lolote, na ameshaacha kueleza kwa nini.

Asubuhi huwa kuna baridi ya ziwani, na injini kuukuu huhitaji kubembelezwa. Nikizungusha ufunguo, mimi hutazama kioo cha juu. Odhis, ninayempeleka kazini, namwona kisogo tu. Ametulia kabisa, mikono ameikunja kifuani, mbali na bati. Wakati mwingine inawaka, wakati mwingine haiwaki. Yeye haiambii kitu.